Mali Bila Daftari: Kusaka Asili ya Fimbo za Koitalel arap Samoei

UTANGULIZI

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mfanyabiashara asiyeweka hesabu. Katika makala haya tunaiazima ili kueleza jambo zito zaidi, nalo ni turathi zilizotwaliwa wakati wa vita na namna ya kusaka asili yake. Tunakusudia kuonyesha kwamba katika visa vingi daftari halikosekani; tatizo ni kuwa lilishikwa na yule yule aliyetwaa mali. Kwa hivyo, msakaji hana budi kulisoma daftari hilo jinsi mwanafunzi wa fasihi asomavyo matini: nani anasimulia, anamsimulia nani, na amenyamazia nini. Mfano wetu mkuu ni fimbo tatu za Koitalel arap Samoei, zilizorejea nchini mwaka 2006 baada ya kukaa ugenini kwa takriban karne moja.

VITA NA FIMBO

Koitalel alikuwa Orkoiyot wa Wanandi, yaani kiongozi wa kiroho ambaye baraka zake zilitangulia vijana kwenda vitani. Wanandi walianza kupambana na Waingereza mwaka 1895, na mapambano yakazidi makali reli ilipokatiza Bonde la Ufa. Reli hiyo ilifika Nakuru mwaka 1900 na Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901. Tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel alikwenda kwenye mkutano wa mapatano karibu na mahali ulipo leo mji wa Nandi Hills. Hakurudi. Afisa wa kikosi cha King's African Rifles, Richard Meinertzhagen, alimpiga risasi, na baadhi ya waliofuatana naye wakauawa pia. Masimulizi ya Wanandi yanashikilia kwamba aliuawa aliponyoosha mkono wa salamu. Meinertzhagen naye alidai kwamba alikuwa akijihami dhidi ya mtego. Mabaraza ya kijeshi yalimchunguza na kumwondolea lawama, lakini mwaka 1906 aliondolewa Afrika Mashariki.

Kifo hicho kilifungua mlango wa maafa. Katika operesheni za 1905 na 1906, zaidi ya Wanandi 1,100 waliuawa, na ng'ombe wapatao 16,000 pamoja na mbuzi na kondoo wapatao 36,000 wakatwaliwa. Mifugo ilihesabiwa na serikali kwa kuwa ilikuwa na bei. Fimbo za Orkoiyot hazikuwa na bei sokoni, kwa hivyo ziliingia mikononi mwa mtu binafsi zikavuka bahari naye. Hii ndiyo tofauti ya kwanza ambayo msakaji wa asili anapaswa kuizingatia: nyara za dola huacha hesabu katika nyaraka za dola, ilhali nyara za askari mmoja huacha alama katika barua, shajara na nyumba ya ukoo wake.

Pengine msomaji atauliza kwa nini fimbo itukuzwe hivyo. Jibu liko karibu nasi. Wakazi wa Nakuru wanaikumbuka fimbo ya Nyayo, ambayo Rais Daniel arap Moi hakuiachilia mkononi kwa miaka 24 ya utawala wake. Alipozikwa Kabarak mwezi Februari 2020, rungu lake lilikabidhiwa wanawe mbele ya waombolezaji. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa maana ya tendo hilo. Basi na afikirie jamii ambayo fimbo za kiongozi wake zilitwaliwa na mtu aliyemuua, zisimfikie mrithi.

KULISOMA DAFTARI LA MTWAAJI

Meinertzhagen alikuwa mwandishi hodari wa shajara. Mwaka 1957 alichapisha kitabu, Kenya Diary, kinachosimulia maisha yake nchini kati ya 1902 na 1906, ikiwemo siku aliyomuua Koitalel. Kwa mtazamo wa haraka, hilo ndilo daftari tunalolihitaji. Hata hivyo, lilichapishwa zaidi ya nusu karne baada ya tukio, na mwenyewe ndiye aliyelihariri.

Kuna sababu nyingine ya tahadhari, nayo inatoka katika taaluma ya ndege. Mwaka 1954 Meinertzhagen aliyapa makumbusho ya viumbe ya London mkusanyo wa ndege waliokaushwa wapatao 20,000. Kila mmoja alikuwa na kibandiko chenye jina, mahali na tarehe. Katika miaka ya 1990 wataalamu walibaini kwamba wengi wa ndege hao walikuwa wameibwa katika mikusanyo ya watu wengine, kisha wakabandikwa vibandiko vya uongo. Walijuaje? Kila mkusanyaji ana namna yake ya kukausha, kujaza na kushona ngozi ya ndege. Wataalamu waliwapiga ndege picha za eksirei, wakailinganisha kazi iliyomo ndani na maneno yaliyoandikwa nje. Kibandiko kilisema hivi. Mshono ulisema vingine.

Funzo ni wazi. Kibandiko ni dai, na dai hupimwa. Kitu chenyewe ni shahidi: mti kiliochongwa, alama za mikono iliyokishika, na namna kilivyofungwa au kupambwa. Shahidi huyo hulinganishwa na vitu vingine vya wakati huo ambavyo asili yake haina utata. Kwa Wanandi, mathalani, tuna kitabu cha A. C. Hollis kuhusu lugha na masimulizi yao, kilichochapishwa mwaka 1909, miaka minne tu baada ya kifo cha Koitalel.

LUGHA KAMA USHAHIDI

Hapa ndipo taaluma yetu inapoingia. Meinertzhagen alimwita Koitalel "Laibon", neno lenye asili ya Kimaasai, badala ya Orkoiyot. Mtu asiyejua lugha za Bonde la Ufa akilikuta neno hilo kwenye kibandiko atakihesabu kitu kuwa cha Wamaasai, na hapo kitakuwa kimepotea mara ya pili.

Tatizo hili limeenea katika orodha kongwe za makumbusho. Wakipsigis waliitwa "Lumbwa", Watugen wakaitwa "Kamasia", Wakeiyo wakaitwa "Elgeyo", Wapokoti wakaitwa "Suk", na Wailchamus wa ukingo wa Ziwa Baringo wakaitwa "Njemps". "Kavirondo" lilibeba Waluo na Waluhya pamoja. Mjukuu wa Mtugen anayeitafuta turathi ya babu yake kwa jina la Tugen anaweza kutoka mikono mitupu, hali kitu kimo kabatini kwa jina ambalo babu mwenyewe hakujiita.

Ukubwa wa kazi hii ulidhihirishwa na mradi wa pamoja wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, makumbusho mawili ya Ujerumani na vikundi vya wasanii, uliofanywa kati ya 2018 na 2021. Mradi huo uliorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyomo katika taasisi 30 za nje. Si vyote vilivyoporwa. Vingine vilinunuliwa au kutolewa zawadi. Kuvitenganisha ndiyo kazi yenyewe, na haifanyiki bila wajuzi wa majina.

USHAHIDI WA WENYEWE

Fasihi simulizi ni daftari jingine. Wanandi walihifadhi habari za mauaji ya 1905 na vitu vilivyotwaliwa. Shajara ya Mwingereza na masimulizi ya wazee yanapingana kuhusu nani alimsaliti nani, lakini yanakubaliana kwamba Koitalel aliuawa siku ile, na kwamba Meinertzhagen ndiye aliyemuua. Palipo na mahasimu wawili wanaokubaliana, hapo msakaji anaweza kukanyaga kwa uthabiti. Alama za njia hiyo ziliongoza hadi kwa familia ya Meinertzhagen, ambayo ilizirudisha fimbo mwaka 2006. Leo jina la Koitalel linabebwa na makumbusho yaliyoko Nandi Hills.

Kurudi huko hakukulazimishwa na sheria. Mkataba wa UNESCO wa 1970 dhidi ya biashara haramu ya turathi haurudi nyuma hadi 1905. Penye ukimya wa sheria, nguvu iliyobaki ni ushahidi unaomfanya aliyeshika mali akose la kujibu.

Liko dai zito zaidi. Masimulizi ya Wanandi yanasema kwamba kichwa cha Koitalel kilikatwa na kupelekwa Uingereza. Hadi leo hakuna makumbusho yaliyothibitishwa kuwa nacho. Jirani zetu Wahehe wanatupa mfano na onyo. Fuvu la Mtwa Mkwawa, aliyefariki mwaka 1898, lilitajwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, lakini lilirejeshwa Kalenga mwaka 1954. Gavana Edward Twining alilichagua katika makumbusho ya Bremen kwa kulinganisha vipimo vya mafuvu na vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa, njia isiyoweza kutoa uhakika. Leo kuna uchunguzi wa vinasaba. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kuwa wamepata jamaa walio hai, nchini Tanzania, wa watu ambao mafuvu yao yalichukuliwa enzi za Wajerumani. Katika mkusanyo huo wa mafuvu zaidi ya 1,100, yapo 22 yanayohusishwa na Kenya.

HITIMISHO

Tumeona kwamba kusaka asili ya turathi iliyotwaliwa vitani ni kuweka madaftari matatu mezani: lile la mtwaaji, lile la kitu chenyewe, na lile la wenye mali. La kwanza limehifadhiwa vizuri katika maktaba za ng'ambo. La pili limo makabatini. La tatu limo katika vinywa vya wazee wa Nandi, Kericho, Baringo na Nakuru, nalo ndilo linaloharibika upesi zaidi, kwani kila msiba hulichana ukurasa. Mwanafunzi wa Kiswahili anayekwenda likizo mashambani ana uwezo wa kulinakili: kitu kiliitwaje, nani alikishika, kilitoka lini mikononi mwa ukoo. Orodha ya majina sahihi iliyoandikwa leo yaweza kuwa ndiyo itakayofungua kabati kesho.