Panya Katika Banda la Kuku

Katika kaunti za Kisii na Nyamira ni nyumba chache zisizokuwa na kuku. Mayai huuzwa sokoni Keroka, Ogembo au Kebirigo, na fedha hizo ndizo zinunuazo chumvi, sabuni na daftari za watoto. Basi mwenye kuku akiamka asubuhi na kukuta vifaranga sita wametoweka, au mayai yamebaki maganda matupu, hasara hiyo si ndogo. Mara nyingi mwizi ni panya, na mara nyingi ni mwenye nyumba mwenyewe amlishaye panya huyo bila ya kujua.

Yafaa kwanza tufanye hesabu. Panya mkubwa wa nyumbani hula kadiri ya gramu 20 za nafaka kwa siku. Panya ishirini hula gramu 400, yaani gorogoro moja la kilo mbili kila siku tano. Kwa mwaka mzima ni zaidi ya gunia moja na nusu la kilo tisini, mbali na kile wanachokichafua kwa mkojo na mavi, ambacho hakifai tena kuliwa. Jike hubeba mimba kwa wiki tatu hivi, akazaa watoto sita, wanane au zaidi, nao watoto hao huanza kuzaa kabla hawajatimiza miezi minne. Panya wa shamba, yule mwenye matiti mengi, huzaa hata kuwapita hao. Lakini panya hazai sana pasipo chakula. Idadi yao hufuata chakula na maficho yaliyopo, kama vile maji yafuatavyo bonde.

Hapa ndipo wengi hupotea. Wao hukimbilia sumu, wakaua panya kumi, wakafurahi. Na huku nyuma mahindi yangali yametawanyika chini ya banda, na pumba zimo katika gunia lililo wazi. Baada ya miezi miwili panya wamerudi kama awali. Kazi ya kwanza, basi, ni kuwanyima chakula. Chakula cha kuku kitiwe katika pipa au debe la bati lenye kifuniko cha kubana. Gunia na ndoo ya plastiki hutobolewa usiku mmoja. Kuku wapewe kile wawezacho kukimaliza kabla ya jua kutua, kisha chombo kiondolewe na makombo yafagiliwe. Mayai yaokotwe kila jioni. Kuni, mawe na mabua ya mahindi yasirundikwe ukutani mwa banda, wala majani makavu ya migomba, ambayo ni kitanda kizuri kuliko vyote kwa panya.

Kazi ya pili ni banda lenyewe. Linalokaa juu ya ardhi tupu huchimbwa chini yake. Liinuliwe juu ya nguzo zenye urefu wa mita moja, kwa kuwa panya hawezi kuruka hivyo kutoka chini. Na kila nguzo ivishwe bati lililokunjwa mfano wa pia, mdomo wake mpana ukielekea chini, ili apandaye akwame. Ghala la mahindi nalo lifanyiwe vivyo hivyo. Lakini nguzo hizo hazifai kitu ikiwa tawi la mparachichi au jani la mgomba limegusa paa, maana panya wa nyumbani ni mpandaji hodari. Wavu wa kuku wenye matundu makubwa humzuia kuku asitoke. Haumzuii panya asiingie. Utumike wavu wa chuma wenye matundu ya robo inchi, hasa sehemu za chini na pale vifaranga na watoto wa sungura walalapo.

Sasa tuseme juu ya sumu, kwa sababu katika jambo hili watu huumia. Sokoni huuzwa vipakiti visivyo na jina wala maelezo, na muuzaji husema tu kwamba panya atakufa papo hapo. Usinunue. Sumu ya namna hiyo huenda ikawa dawa kali ya shambani, nayo haichagui baina ya panya, kuku, mbwa na mtoto atambaaye. Tena sumu iuayo upesi ina kasoro nyingine. Panya ni mwoga wa kitu kipya. Huonja kidogo, na akiugua bila kufa, hakigusi tena. Ndiyo maana watu husema, “Panya wa siku hizi wamezoea dawa.” Ziko dawa zizuiazo damu kuganda, ambazo humuua panya baada ya siku kadhaa, asitambue kilichomdhuru. Hizo ni bora, mradi zinunuliwe katika duka la dawa za kilimo zikiwa na karatasi ya maelezo, na zitiwe ndani ya sanduku au bomba ambalo panya huingia na kuku hawezi. Mtu akizila, hata kama haoni dalili yoyote, apelekwe hospitali siku ile ile pamoja na karatasi ya dawa, kwa maana matibabu yake yapo.

Panya aliyekufa asishikwe kwa mkono mtupu, wala asitupwe jaani. Azikwe shimo refu. Paka au bundi akila panya mwenye sumu huweza kufa pia, na huo ni ujinga wa kuwaua askari wako mwenyewe. Bundi husingiziwa kuwa ndege wa mkosi na kupigwa mawe. Lakini usiku kucha kazi yake ni kuwinda panya, na haombi mshahara.

Asiyetaka sumu atumie mitego. Itegwe usiku, kuku wakiwa wamefungiwa, kandokando ya ukuta, kwa sababu panya hupenda kupita ukutani kuliko katikati. Iwekwe na chambo siku mbili tatu bila kufyatuka, mpaka wazoee.

Si vifaranga tu vinavyohatarishwa. Mkojo wa panya huleta ugonjwa ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita homa ya mgunda. Julai 2022, huko Ruangwa katika mkoa wa Lindi, watu ishirini waliugua na watatu wakafa. Mwenye kusafisha banda na avae viatu, alowanishe taka kwanza ili vumbi lisipande, kisha anawe kwa sabuni.

Wako adui wengine. Ukikuta kuku wengi wameuawa usiku mmoja, wameumwa shingoni na hawakuliwa, mtuhumu kicheche au nguchiro. Kifaranga akitoweka mchana bila alama, tazama juu: ni mwewe. Siafu huja pamoja na mvua, na mvua za Kisii si haba. Sungura aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Miguu ya kizimba isimamishwe ndani ya makopo yenye maji na mafuta kidogo. Utitiri hujificha mchana katika nyufa na chini ya maganda ya miti, ukanyonya damu usiku. Kwa hiyo fito za kulalia zimenywe maganda, na kuku wapewe mahali pa kuoga vumbi na majivu. Unga wa pareto ukinyunyizwa viotani huua viroboto na chawa. Wazee wa Kisii wanaijua pareto vizuri, kwa kuwa walilima maua hayo kwa miaka mingi, Kenya ikiongoza ulimwengu mzima.

Limesalia jambo moja la nchi hii yetu. Hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii, zaidi ya 900 katika kila kilomita mraba. Jiko lako liko hatua chache kutoka ghala la jirani, na panya hajui mpaka. Ukimfukuza peke yako, atalala kwa jirani na kurudi kwako kula. Afadhali nyumba tano au sita zipatane siku moja ya kufagia, kuondoa marundo na kutega. Jioni ile kila shimo lizibwe kwa nyasi. Asubuhi yatazamwe, na yale yaliyofunguliwa ndiyo yenye panya.