Je, Wajua? Vituko vya Kifaranga wa Perege

Perege unamjua vizuri akiwa sahanini, ndimu na pilipili pembeni. Sasa mjue akiwa mchanga!

Je, wajua kwamba nyumba yake ya kwanza ni kinywa cha mama yake? Mama huyaokota mayai, akayaatamia mdomoni, na kwa wiki mbili hivi hali kitu cha maana. Watoto wakishaanza kuogelea, hatari ikitokea hurudi mbio: mdomo wazi, wote ndani! Afrika Magharibi, kwenye midomo ya mito, yuko perege ambaye mlezi ni baba. Mwambie mzee wa nyumbani.

Haya, chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi. Perege wa Msumbiji, ukimzoesha taratibu, hufika hadi 120!

Na kifaranga aliyetoka yaini jana, ambaye mashavu yake hayajaanza kazi? Anatumia ngozi ya kile kifuko cha kiini alichobeba tumboni. Imejaa seli ndogondogo: kwenye maji baridi zinavuta chumvi ndani, kwenye maji ya bahari zinaitema nje. Kazi ni ile ile ya kusukuma chumvi, kilichogeuka ni mwelekeo tu.

Unadhani samaki hana kiu? Perege akiwa mtoni hanywi karibu chochote, kazi yake kukojoa. Mpeleke baharini uone anavyokunywa!

Joto nalo lina mambo. Vifaranga wa sato, aina nyingine ya perege, wa siku kumi hivi wakikaa wiki kadhaa kwenye maji ya nyuzijoto 36, wengi huwa madume, hata baadhi ya waliorithi ujike. Umesikia? Maji tu!

Lakini bingwa, kwangu mimi, yuko Ziwa Magadi, Kenya. Maji yake yanateleza kama sabuni, na kwenye chemchemi yanapita nyuzijoto 40. Mle anaishi perege mdogo wa kutosha kiganjani. Usiku hewa majini ikiisha, anapanda juu na kugugumia ya kwetu. Samaki karibu wote hutoa taka mwilini kama amonia, ila kwenye magadi makali namna ile amonia haitoki. Basi yeye anaigeuza kuwa urea. Ndiyo, urea ile ile unayonunua kwa mfuko ukaiweke kwenye mahindi!

Mwaka 1953 watu walianza kumhamishia Ziwa Nakuru ale viluwiluwi vya mbu. Akazoea, akazaana. Habari zikawafikia mwari, wale ndege wenye mfuko chini ya mdomo, wakatua kwa maelfu. Kifaranga aliyeanzia mdomoni mwa mama akaishia mdomoni mwa mwari.