Vazi la Mnyama kwa Fundi Anayeanza: Uchaguzi wa Zana na Malighafi Ngara na Biharamulo

Vazi la mnyama, kwa maana inayokusudiwa katika makala haya, ni vazi la manyoya linalomfunika mvaaji kichwa, mikono na mara nyingine mwili mzima, hata mtazamaji akaona mnyama anayesimama kwa miguu miwili na kuonyesha ishara za kibinadamu. Nchini Marekani na Ulaya ushonaji wa mavazi hayo umekuwa ufundi unaojitegemea, ukiambatana na mikusanyiko mikubwa ya wapenzi wake kama ule wa Anthrocon, ambao umekuwa ukifanyika Pittsburgh tangu 2006. Katika Afrika Mashariki kazi iliyo karibu nao ina umri mkubwa zaidi, kwani Wamakonde wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji wamechonga kwa vizazi vingi vinyago vya mapiko, ambavyo huvaliwa kichwani kama kofia, mwili ukafichwa kwa nguo, na mchezaji akatazama nje kupitia mdomo wa kinyago.

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, haja ya vazi la namna hii inaweza kutoka shuleni na katika vikundi vya maigizo, hasa kwa kuwa wilaya hizo zinapakana na Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoundwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, na ambayo eneo lake ni kilometa za mraba 4,707. Mtoto anayekaa kando ya hifadhi anaweza kumjua tembo kama mharibifu wa shamba tu, na tembo anayeingia jukwaani akazungumza humpa mtoto huyo nafasi ya kumfikiria upya. Kwa sababu hiyo vazi linastahili kutengenezwa kwa makini, wala si kwa kubandikabandika vitu vilivyookotwa usiku wa kuamkia sherehe.

Fundi anayeanza kwa kawaida hutafuta manyoya kwanza, kwa kuwa ndiyo yanayoonekana, kisha hugundua kwamba fedha zimekwisha kabla kichwa hakijapata umbo wala matundu ya kutosha ya hewa. Utaratibu unaofaa ni kinyume cha huo: fedha za mwanzo ziende kwenye vitu vinavyomwezesha mvaaji kupumua na kuona, zinazofuata kwenye makali ya kukatia na uzi imara, na manyoya yanunuliwe mwisho, vipimo vikiwa tayari. Inafaa pia kuanza na kichwa, viganja na mkia peke yake, sehemu nyingine za mwili zikifunikwa na nguo za kawaida, kwa sababu vipande hivyo huhitaji takriban mita 2 za kitambaa chenye upana wa mita 1.5, ilhali vazi kamili la mtu mzima laweza kumaliza mita 4 au zaidi na kuongeza joto maradufu.

Kiini cha kichwa hutengenezwa mara nyingi kwa sponji, yaani ile malighafi laini ya magodoro na makochi, yenye unene wa sentimeta 2.5 hivi, ambayo hukatwa vipande na kubandikwa juu ya boshori au kofia nyingine inayobana kichwa vizuri. Sponji nzuri hutambulika kwa kuibonyeza kwa kidole na kuiachia: ikirudi haraka katika unene wake, itashika umbo la pua na mashavu, na ikibaki na shimo au ikitoa unga, haifai hata ikitolewa bure. Mabaki safi kutoka kwa mafundi makochi ni bora kuliko godoro kuukuu, ambalo huja na vumbi, jasho na pengine kunguni, mambo yasiyostahili kuwekwa karibu na pua ya mwanafunzi.

Hata hivyo ipo njia ya pili ambayo vitabu vya ughaibuni huitaja kwa nadra, nayo ni kusuka kiunzi cha kichwa kwa fito nyembamba za mianzi au matete, kwa mkono uleule unaosuka vikapu na matenga. Kiunzi cha kusuka hupitisha hewa kila upande, hakinywi jasho, na kikivunjika hutengenezwa kwa fito nyingine, na kwa hiyo kwa kikundi cha shule, ambamo vazi moja huvaliwa na watu wengi wa vichwa tofauti, kinastahili kupewa kipaumbele kuliko sponji tupu. Sharti lake ni kwamba ncha zote za fito zikunjwe kuelekea nje na kufunikwa kwa kitambaa kinene, kisha sponji nyembamba iwekwe penye paji la uso na kisogoni.

Macho ndiyo sehemu inayowashinda wengi, ingawa malighafi yake ni rahisi, kwa kuwa wavu mgumu wa plastiki, kama ule unaowekwa madirishani kuzuia mbu, unatosha kabisa. Upande wa nje hupakwa rangi nyepesi bila kuziba matundu, na upande wa ndani huwa mweusi, kwani jicho lililo gizani huona vizuri palipo na mwanga, ilhali mtazamaji aliye kwenye mwanga huona ile rangi ya nje tu. Mdomo nao uachwe wazi, ukifunikwa kwa wavu mweusi, ili upitishe hewa na uongeze eneo la kutazama chini, penye ngazi na mawe, jambo ambalo wachonga mapiko walilitatua zamani kwa kuufanya mdomo kuwa dirisha.

Kuhusu gundi, ile ya mpira inayotumiwa na mafundi viatu hushika sponji vizuri ikipakwa pande zote mbili na kuachwa ikauke kidogo kabla ya kugandamizwa, lakini mvuke wake hulevya na kudhuru, hivyo kazi ifanyike nje au kwenye baraza, mbali na jiko, na kichwa kiachwe siku kadhaa hadi harufu iishe ndipo kivaliwe. Bunduki ya gundi, yaani kifaa cha umeme kinachoyeyusha vijiti vya plastiki, ni ya haraka na haina mvuke mkali kiasi hicho, ila huhitaji umeme wa uhakika na huunguza vidole.

Manyoya yenyewe yawe ya bandia, yaani kitambaa ambacho nywele zake ni nyuzi za plastiki zilizoshikwa na mgongo wa kitambaa kilichofumwa. Hupatikana katika maduka ya vitambaa ya miji mikubwa kama Mwanza na Dar es Salaam, lakini fundi wa Ngara au Biharamulo hapaswi kuyapita marobota ya mitumba, ambamo makoti ya baridi, mablanketi mazito, mazulia madogo na midoli mikubwa hutoa manyoya ya kutosha kichwa kimoja. Kipimo cha ubora ni kupanua nywele kwa vidole na kutazama shina: mgongo ukionekana wazi kama upara, kitambaa ni chepesi na kitafichua kila mshono, na nywele zikibaki mkononi baada ya kuvutwa, hazitavumilia msimu mmoja wa maonyesho.

Ngozi ya mnyamapori, hata iwe kipande kidogo kilichorithiwa, isitumike. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 huihesabu kuwa nyara ya Serikali, na kuwa nayo bila kibali ni kosa linaloweza kumpeleka mtu gerezani. Ngozi ya mbuzi au ng'ombe ni halali, lakini ni nzito, hunuka ikilowa jasho, na ile ya mnyama aliyekufa bila sababu kujulikana inaweza kubeba vimelea vya kimeta, ambavyo huishi muda mrefu sana nje ya mwili.

Manyoya bandia hayakatwi kwa mkasi kama kanga. Pateni huchorwa kwa chaki upande wa mgongo, mishale ikionyesha nywele zinakoelekea, kisha mgongo peke yake hupasuliwa kwa wembe au kisu chembamba, ili nywele zibaki na urefu wake na kufunika mshono baadaye. Barakoa ni lazima wakati huo, kwa kuwa nyuzi ndogo huruka hewani. Cherehani ya kawaida ya miguu inatosha ikiwekewa sindano namba 16 au 18 na mshono mrefu, na uzi uwe wa poliesta kwa sababu ule wa pamba huoza kwa jasho. Asiye na cherehani ashone kwa mkono, na kwa kichwa chenye kona nyingi mkono hushinda mashine. Baada ya kushona, nywele zilizobanwa hutolewa kwa ncha ya sindano, na sehemu za uso hupunguzwa kwa mashine ya kinyozi, bora iwe na meno ya zamani yasiyotumika tena kwa wateja, maana plastiki huyatia butu upesi.

Bitana ya pamba, yaani kitambaa cha ndani, ishikwe kwa vifungo badala ya kushonewa moja kwa moja, ili ivuliwe na kufuliwa kila baada ya onyesho. Kichwa hakiloweshwi kwenye beseni, bali hufutwa kwa kitambaa chenye sabuni kidogo na kukaushwa kivulini penye upepo, na katika miezi ya mvua kitundikwe darini ndani ya mfuko wa nguo unaopitisha hewa, kwa kuwa sponji iliyofungwa kwenye nailoni huota ukungu, na ikiachwa sakafuni panya huigeuza tandiko la watoto wao.