Unahema Ukipanda Footbridge ya Ruiru? Cheki Tizi Kiasi Gani Itakurudishia Pumzi

Msee, kama ile footbridge ya Thika Road pale Ruiru inakuacha ukihema kama mathree nzee, hii ni yako. Usikimbilie mizani kwanza.

2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wanawake 464 wanene ambao hawakuwa wanafanya mazoezi. Ni kweli, hao walikuwa wamama waliomaliza hedhi, si vijana wa campo Thika, lakini moyo ni moyo. Baada ya miezi sita, waliofanya tizi dakika 72 hivi kwa wiki waliongeza pumzi kwa asilimia 4.2. Wa dakika 136, asilimia 6. Wa dakika 192, asilimia 8.2. Na kilo? Hazikupungua kuwashinda waliokaa tu! Yaani kitambi kinaweza kubaki na bado moyo unapata nguvu.

WHO inasema dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Pesa ya gym si lazima. Shuka stage moja mapema, tembea haraka dakika 25, siku sita. Uweze kupiga story lakini usiweze kuimba. Kifua kikiuma, simama, ona daktari.

Kesho anza na hizo ngazi, na usijifanye unapokea simu katikati.