Rangi ya kuzuia moto: inasaidia nini kwenye chuma, mbao na mashua?

Chuma hakiwake moto sawa mbao, lakini kinaweza kuangusha nyumba. Mjini Lubumbashi, hangari nyingi za depo, karakana na migodi zimesimama juu ya nguzo za chuma. Chuma kikifika joto la digrii 550 mpaka 600 hivi, kinabaki na karibu nusu tu ya nguvu yake. Kinaanza kupinda, na paa linashuka. Katika kipimo kinachotumika kwenye maabara, moto wa ndani ya nyumba unapita digrii 800 nyuma ya nusu saa. Njo maana nguzo zinapakwa rangi ya kuzuia moto.

Kwa macho, rangi hiyo ni kama rangi ingine yoyote. Siri iko ndani. Joto likipita digrii 200 hivi, dawa zake zinaanza kuchemka na kutoa gazi. Rangi inavimba kama mukate kwenye furu, inakuwa povu jeusi la makaa, nene mara nyingi kuliko mwanzo. Povu hilo linakatalia joto njia ya kufika kwenye chuma.

Haizimi moto, inanunua dakika tu: 30, 60 ao 120, kufuatana na unene uliopakwa. Dakika hizo ni za watu kutoka, na wazima-moto kufika.

Kwa mbao, mambo ni tofauti, kwa sababu mbao yenyewe ni chakula cha moto. Wazo la kuikinga ni la zamani. Mwaka 1821, mwanasayansi Mfaransa Gay-Lussac alionyesha kama chumvi za amonia, fosfati na boraksi zinazuia nguo za tiyatri kushika moto haraka. Mpaka leo dawa za namna hiyo zinatiwa ndani ya mbao.

Kwenye maji, hatari ni kubwa zaidi, maana hakuna pa kukimbilia. Mwezi wa Aprili 2025, mashua ya mbao HB Kongolo iliwaka karibu na Mbandaka, kwenye mto Congo. Viongozi walisema moto ulianzia kwa abiria aliyekuwa anapika ndani. Zaidi ya watu 140 walikufa; wengi walijitupa majini bila kujua kuogelea.

Meli kubwa zilipata somo hilo zamani. Mwaka 1934, meli Morro Castle iliwaka karibu na pwani ya Marekani, watu 137 wakafa. Mbao za kupendezesha vyumba na rangi zake zilibeba moto mbio. Leo, mkataba wa SOLAS unaomba meli za abiria za baharini ziwe na kuta zinazoweza kusimamisha moto na moshi kwa dakika 60. Lakini mkataba huo ni wa safari za bahari kati ya inchi na inchi. Mashua za mito na za maziwa Tanganyika na Kivu zinafuata sheria za inchi.

Kwa mwenye mashua ao depo asiye na uwezo wa kununua rangi hiyo, kuko mambo ya kufanya. Kipande cha bati peke yake chini ya mbabula hakitoshi: bati linapitisha joto mpaka kwenye mbao. Kunaombwa mchanga ao udongo mzito juu yake, na nafasi ya hewa chini. Mafuta ya motere yakae mbali na jiko. Kupaka mbao mafuta machafu ya gari kunaongezea moto chakula.

Na kwa mwenye kununua, rangi nyekundu kwenye kopo si ushahidi. Muuzaji aonyeshe cheti cha majaribio, aseme ni ya chuma ao ya mbao, inapakwa unene gani, na inakinga dakika ngapi. Ikipakwa nyembamba kusudi ienee nguzo nyingi, dakika zilizoandikwa kwenye cheti hazitapatikana.