Parafujo za Bara na Chumvi ya Pwani

Msomaji wa Lamu au Mombasa atakayepita Manyatta, kule Embu chini ya Mlima Kenya, akaagiza sanduku la arusi la mgrevilea, mti upandwao humo katikati ya mibuni, na aulize kwanza habari ya parafujo. Bara, za chuma hudumu. Kwetu upepo wa chumvi huzila, kutu ikachafua mbao na nguo za bi arusi.

Atake za shaba, naye achukue sumaku: ikinasa, hicho ni chuma kilichovishwa shaba, king'ae kitakavyong'aa.

Lakini shaba ni laini. Fundi atoboe kwa keekee, atangulize parafujo ya chuma ya kipimo kile kile, aitoe, ndipo atie ile ya shaba, imepakwa nta. (Sabuni, waipendayo wengi, huvuta maji.) Akiharakisha, kichwa hukatika, shina likabaki ndani ya mbao.