Profesa na Msaidizi Wake: Aonavyo Mwanafunzi

Kila mwaka vijana wengi wa Kiislamu, wa mwambao na wa bara, hutoka majumbani mwao wakaenda kusoma katika vyuo vikuu. Wazazi huwafungia mizigo, huwaombea dua, na huwausia wawatii walimu wao wapya kama walivyowatii masheikh wa chuoni. Wasia huo ni mwema. Lakini ni wachache wawaelezao watoto wao kwamba walimu wa chuo kikuu ni watu wa namna gani, na njia ya kufaidika nao ni ipi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, na nimeona yafaa niwaeleze wasomaji niliyoyashuhudia, huenda yakamfaa mwenye mtoto au ndugu anayejitayarisha kwenda.

Jambo la kwanza ambalo mgeni sharti alifahamu ni kuwa profesa yu mbali. Husimama ukumbini mbele ya wanafunzi mia mbili au mia tatu, akasema kwa muda wa saa moja au mbili, kisha akenda zake, wala hakujui kwa jina wala kwa sura. Baadhi yao husoma karatasi zile zile walizozisoma mwaka uliopita. Wengine ukiwasikiliza waona jambo lililokuwa gizani likifunuka kidogo kidogo. Niliyempenda zaidi ni mzee mmoja aliyeulizwa swali gumu mbele ya umati wote, akajibu bila ya haya: "Hili silijui, nipeni juma moja." Juma lililofuata alikuja na jibu, akalitoa kabla ya kuanza somo. Siku ile nilifahamu ya kuwa cheo kikubwa hakimwondoi mtu katika kujifunza.

Ama yale yasiyofahamika ukumbini, huyaeleza msaidizi wa mhadhiri. Chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwezi wa Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi 13 tu, wote wa sheria. Kwa idadi hiyo mwalimu aliweza kumjua kila mmoja wao. Leo wanafunzi ni maelfu, wala mwalimu mmoja hawezi kumsikia kila mtu. Kwa hiyo darasa kubwa hugawanywa katika makundi madogo ya semina, na kila kundi hupewa msaidizi. Huyu aghalabu ni kijana aliyepata shahada ya kwanza kwa alama za juu, na mwenyewe bado yumo katika kutafuta shahada ya pili.

Wasaidizi nao hawako sawa. Wapo wenye kiburi cha cheo kipya, na wapo wachovu, kwa kuwa usiku husahihisha karatasi za wanafunzi na alfajiri huamkia masomo yao wenyewe. Lakini aliye mwema kati yao ana faida ambayo mara nyingi profesa hana: njia aliipita juzi tu, na bado akumbuka pale alipojikwaa. Profesa amelizoea jambo hata amesahau kwamba lina ugumu.

Wala mtu asidhani kwamba cheo hiki ni uzushi wa Wazungu. Katika madrasa kubwa za zamani, mudarisi alipokwisha kusomesha, palikuwa na mtu aliyeitwa muidi, yaani mwenye kurudia, ambaye kazi yake ilikuwa kuwarudilia wanafunzi somo na kuwafafanulia lililowatatiza. Abu Ishaq al-Shirazi, aliyesomesha katika Nizamiya ya Baghdad, madrasa iliyofunguliwa mwaka 1067, alikuwa kwanza muidi wa mwalimu wake, Kadhi Abu al-Tayyib al-Tabari. Na hata leo, katika vyuo vikuu vya Misri, mtu anayeanza kazi ya kufundisha huitwa kwa jina hilo hilo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonisukuma kuandika. Vijana wengi wetu hukaa katika semina kimya tangu mwanzo hata mwisho. Wamelelewa kwamba mbele ya mkubwa mdogo hasemi, nao hudhani kumwuliza mwalimu ni kumbishia. Nilikuwa na mwenzangu hodari, mwenye adabu nyingi, ambaye muhula mzima hakufungua kinywa. Hesabu za takwimu zilimshinda tangu juma la tatu, akanyamaza, na mwisho akaanguka mtihani, akalazimika kuurudia. Msaidizi wetu alipopata habari alisikitika, akasema: "Laiti angaliniuliza mara moja tu!"

Ndugu zangu, adabu haimo katika kunyamaza. Imo katika namna ya kuuliza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Jitayarishe kabla ya semina, andika maswali yako, ngoja zamu yako, uliza kwa upole, kisha shukuru. Na ukiona alama zako zimekosewa, chukua karatasi yako, mwendee kwanza aliyesahihisha, kisha mhadhiri mwenye somo, kisha mkuu wa idara. Hiyo ni haki yako, si ufidhuli.

Kimya hicho hicho chaweza kuleta dhara kubwa zaidi. Akitokea mwalimu, awe profesa au msaidizi, akamtaka binti mwili wake kwa ajili ya alama, utii hapo hauna nafasi. Nchini Tanzania jambo hilo ni kosa la jinai kwa kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Binti na ajue tangu nyumbani kwamba akisema atasikilizwa, wala hatalaumiwa yeye. Asiyezoea kuuliza swali la hesabu mbele ya mwalimu, atapata wapi ujasiri wa kumwambia "Hapana"?

Basi enyi wazazi, mtoto arudipo likizo, msimwulize tu, "Umepata alama ngapi?" Mwulizeni pia, "Muhula huu umemwuliza mwalimu wako nini?" Na vijana wadogo waliobaki nyumbani waacheni waulize wangali hapo, hata swali likisumbua, maana mtoto anyamazishwaye jikoni na barazani hawezi kuanza kusema siku aingiapo ukumbini. Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya elimu yenye manufaa, na awajaalie walimu wema. Amin.